Pome Zilizoiva kwa Wimbo

Ninyi mliokulia chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, kambini Nakivale, kuanzia ule mwaka wa tisini na sita, ndio ninaowaandikia. Wengine wasome kama wanataka. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo asiyependa maneno yangu yalivyokaa afunge akalale. Lakini leo nina jiko langu Mbarara mjini, nina wafanyakazi saba, na watu wanaoshuka kwenye magari makubwa wananiita Shangazi, hata wenye mvi kunipita.

Sisi hatukukua na desere. Watoto wa leo mkiwaita mezani wanauliza kwanza mwisho wa chakula kuna kitu gani kitamu. Wakati wetu mwisho wa chakula ulikuwa sufuria tupu, na bahati ilikuwa ya yule anayeikwangua. Tulikula mahindi na maharage, kesho maharage na mahindi. Mnakumbuka yale maharage magumu, unayachemsha tangu asubuhi na jioni bado yanagonga kifuniko? Mnakumbuka harufu ya shitingi jua likiichoma, na vumbi jekundu la Base Camp lililokaa kwenye nyusi mpaka Jumapili? Jioni wavulana walipiga mpira wa majani ya migomba, na sisi wasichana tulicheza nzango: mistari miwili inatazamana, tunaruka, tunapiga makofi, tunarusha miguu, na wimbo unakwenda mbio kama moto wa nyasi. Nyimbo zote tuliziingiza kwenye nzango, hata za kanisani. Mama yangu alikuwa akisema, "Ninyi batoto mutaimba hata mazishi kwa miguu."

Jambo jingine mnalikumbuka vizuri. Kambini kila mtu alikuwa mkubwa kule alikotoka. Huyu alikuwa na ng'ombe mia, yule alikuwa na nyumba yenye ngazi. Jirani yetu Mzee Byamungu alikuwa na malori matatu yanayopanda na kushuka Uvira, na kila alipoyasimulia yaliongezeka matairi. Nani angekwenda kuhakikisha, na njia ya kurudi imefungwa? Tulisikiliza kwa adabu, tukigeuka tunacheka.

Baba yangu peke yake walimcheka mbele ya macho yake. Yeye hakusema alikuwa na malori. Alisema alikuwa mpishi, miaka kumi na moja, kwenye misheni ya wazungu huko juu kwenye milima yetu. Mwanaume mzima, mpishi. Na aliendelea kupika hata kambini, kwa sababu Mama alikuwa mtu wa jembe. Alilima kuliko wanaume wawili, lakini ugali wake ulikuwa na mabonge ya kuvunja jino. Kwetu Mama alirudi kutoka shambani akakuta Baba amefunga kikwembe kiunoni, anakoroga. Mzee Byamungu akipita njiani hakukosa neno.

"Baba Neema, leo umevaa kikwembe ya bibi yako, kesho utamuzalia mutoto?"

Baba alikuwa anajibu bila kuinua kichwa, "Nikishaivisha nitakuitia. Utakula na mudomo hiyo hiyo."

Niseme ukweli, kwa sababu nimeshakuwa mkubwa na sina wa kumwogopa: nilimwonea aibu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwenye nzango wasichana wa upande wa pili walitunga wimbo wao, "Baba ya Neema anasonga, Mama ya Neema analima," wakarusha miguu juu. Na mimi niliruka nao, nikicheka, kana kwamba hiyo Neema ni mwingine.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Mbarara, Mama Kyomugisha, mfanyabiashara wa maharage. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya polepole, na mjini alikuwa na nyumba ya wageni. Alikuja na gari kununua magunia kwa wakulima wetu. Siku moja anapima maharage ya Mama, Mzee Byamungu akamwonyesha Baba kwa kidevu.

"Madamu, ukitafuta mupishi, ni ule pale. Kule kwetu alipikia bazungu, mpaka Mungu akashuka kuonja."

Watu wakacheka. Mama Kyomugisha hakucheka. Akamgeukia Baba, akamwita ssebo, yaani bwana kwa lugha yao.

"Ssebo, ni kweli wewe napikia wazungu?"

"Miaka kumi na moja, Madamu."

"Nakula nini, hao wazungu?"

Baba akanyoosha mgongo. Akataja supu, akataja mkate, akataja kuku wa mchuzi mweupe. "Na nyuma ya chakula, desere. Pome ya kuoka, yenye kujazwa ndani."

"Pome ni kitu gani?"

Baba akaichora kwa mikono: duara, nyekundu, kijiti juu. Watu wa pwani wanaiita tofaa. Mama Kyomugisha akasema, "Aa, apo. Mimi niko nayo kwa nyumba, inatoka mbali, wageni hawakuli, inanyauka tu." Akafikiri kidogo, mkono kwenye mzani, akakubali kwa neno la kwao. "Kale. Nakuletea apo kumi. Jumamosi nakuja kula hapa hapa kwako. Ikiwa tamu, unakuja Mbarara kwa jikoni yangu, nakupa mshahara na chumba. Ikiwa bure, ssebo, unaacha kudanganya watu."

Mmesikia kama watu wote waliokuwa pale walivyosikia. Chumba cha matofali mjini, mshahara kila mwezi. Na kama zingeharibika, Baba angebaki mwongo wa kambi mpaka siku anazikwa, na kila mtoto angekuja kunitazama mimi usoni.

Jumatano dereva wa lori alileta mfuko wa karatasi. Pome kumi. Ninyi mlioziona siku ile mtanishuhudia: watoto walipanga mstari mlangoni kwetu kuzinusa tu. Zilikuwa zimelegea ngozi kidogo, lakini harufu yake ilikuwa kama sabuni ya arusi na maua pamoja. Mdogo wangu aliilamba moja, Mama akamwasha kofi ambalo nadhani analisikia hadi leo.

Baba akasema, "Mbili za kujaribia. Nane za Madamu. Atakayegusa, mimi na yeye si ndugu tena."

Sasa sikilizeni alivyofanya, maana leo wanadhani bila umeme hakuna kuoka. Alichukua sufuria kubwa, akaweka chini mchanga mkavu wa ziwani, kimo cha vidole viwili. Juu ya mchanga sahani ya bati. Makala, yaani makaa, chini ya sufuria, kifuniko juu, na makala mengine juu ya kifuniko. Hiyo ndiyo oveni. Moto wa juu uzidi wa chini, alisema, la sivyo matako yanaungua kichwa bado kibichi. Kutoa moyo wa pome alitumia msumari wa inchi sita alioupiga bapa kwa jiwe. Aliuzungusha taratibu, akatoa mbegu zote bila kutoboa chini, kwa sababu ukitoboa chini utamu wote unakimbia. Halafu akaikata ngozi mkanda mwembamba kiunoni, izunguke yote. "Inavuta pumzi hapa," alisema. "Ukiinyima, inapasuka kwa hasira."

Ndani wazungu waliweka zabibu kavu na vitu vya kopo. Sisi tulikuwa na ndizi ndogo za kidole, zimeanikwa juu ya shitingi mpaka zikawa nyeusi na kunata, tukazikatakata. Karanga za kukaanga zikapondwa. Tangawizi kidogo.

Kilichobaki ni saa. Hatukuwa na saa, na Baba hata ungempa asingejua kuisoma. Kule misheni wapishi wote walipima moto kwa nyimbo za kanisa. Yai lilikuwa beti mbili. Pome ilikuwa wimbo mmoja wenye beti sita, mara nne, kwa mwendo wa wazee, ule wa kuvuta kila neno mpaka pumzi iishe. Kuimba kwenyewe Baba hakuweza tena. Tangu ile safari ya kukimbia vita, kifua chake kilikuwa kimeharibika; beti mbili tu anakohoa mpaka anashika ukuta. Akaniita mimi.

"Neema, wewe njo saa yangu. Ukimaliza mara ine, uniambie. Mimi niko kwa makala."

Hiyo ilikuwa Alhamisi, jioni. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza. Na pale uwanjani wasichana wameshapanga mistari, nasikia makofi, nasikia wananiita. Mguu wangu ukaanza kugonga chini wenyewe. Wimbo ulikuwa ule ule, maneno yale yale, sikuruka hata neno. Lakini niliuimba kwa mwendo wa nzango. Mara nne zikaisha chapuchapu, nikasema, "Baba, tayari," nikakimbia.

Niliporudi nimetokwa jasho, Baba alikuwa amekaa, pome mbili mbele yake. Ngozi ilikuwa bado inang'aa, ngumu. Alikuwa amezifunua akakuta mbichi, akazirudisha, lakini joto limeshatoka, akaongeza makala kwa haraka, zikaungua chini na ndani zikabaki kama muhogo usiopikwa. Alikuwa ameuma moja. Alitafuna muda mrefu.

"Neema," akasema, "umenipikia na miguu."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Mama ndiye aliyekuja kunishika sikio, akaongea karibu kabisa na uso wangu. "Ukikimbia Jumamosi, sisi bote tunabakia hapa na maharage. Umesikia? Baba yako anaachia jina yake kwa mukono yako. Haachii kwa mutu mungine."

Ijumaa Mama alitoka kabla ya jua akaenda Endiinzi kwa wenye ng'ombe, akawalimia siku nzima, akarudi na kichupa cha samli ya manjano. Asali tulikuwa nayo, ya Rugaaga, nyeusi, yenye vipande vya nta. Mimi sikuenda uwanjani. Nilikaa nyuma ya nyumba nikauimba ule wimbo polepole mpaka mbuzi wakanizoea.

Jumamosi mchana Mama Kyomugisha akaja. Tulimwazimia kiti cha mchungaji. Na watu, jamani. Upande wetu wote wa kambi ulikuja, wengine na watoto migongoni, wengine wamebeba vigoda vyao. Msidanganyike kwamba walikuja kutuombea. Walikuja kuona Baba Neema anavyoanguka. Mzee Byamungu alisimama mbele kabisa, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Madamu," akasema, "kama njaa imekushika, kwangu kuna viazi."

"Nangoja tu," akajibu yule mama.

Baba alijaza pome nane mbele ya macho yao. Karanga, ndizi, tangawizi, asali, na juu ya kila moja kijiko cha samli. Akafunika. Akapanga makala juu ya kifuniko moja moja kwa vidole, kama mtu anayepanga mayai. Halafu akanitazama.

Nikaanza. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Mara ya kwanza watu walisikiliza tu na kunong'ona. Mara ya pili vijana wakachoka na ule upole, wakaanza kupiga makofi, mmoja akachukua dumu la mafuta akaligeuza ngoma. Wimbo ukaanza kukimbia. Wasichana wenzangu wa nzango wakadakia, wakacheka, miguu ikaanza kupanda. Na mimi nikasikia ulimi wangu unavutwa nao, kama mtu anayeshuka mlima wa matope. Nikamtazama Baba. Alikuwa ameinama kwenye makala. Mwendo ulikuwa mikononi mwangu.

Nikasimama. Nikapiga mguu chini mara moja, kwa nguvu, nikangoja. Nikapiga tena. Nikavuta neno mpaka mwisho wa pumzi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Vijana wakacheka, "Neema, unazikia nani?" Nikaendelea. Peke yangu, polepole, na ngoma inakwenda mbele yangu mbali.

Ndipo Mzee Byamungu akageuka nyuma, akamnyang'anya yule kijana dumu.

"Muache kukimbiza mutoto," akasema. "Ule wimbo kule kwetu haukimbiake. Niliusikiaka nikiwa mudogo, njo wa vile."

Na akaingia. Lile lizee lilikuwa na sauti nzito, ya chini kama jiwe linavutwa sakafuni. Alifumba macho. Mama mmoja mzee akatoka nyumbani kwake akiwa na mwiko mkononi, akaingia na sauti ya pili. Wengine wakaja, wazee wa milimani, ambao tangu tufike sikuwa nimewahi kuwasikia wakiimba wimbo wowote kwa mwendo wa kwao, kwa sababu kanisani vijana walikuwa wameshauteka kwa ngoma. Mara ya tatu tulikuwa ishirini. Mara ya nne wote, hata waliokuja kucheka, hata wale wasichana, wamesimama na miguu imetulia. Niliwaongoza mimi. Watu wazima wale walitazama mguu wangu kabla ya kuvuta pumzi. Mama Kyomugisha hakujua neno hata moja, lakini aliacha kujipepea.

Beti ya mwisho ikaisha.

"Baba," nikasema, "tayari."

Akaondoa makala, akainua kifuniko. Ile harufu sitaieleza, mliokuwepo mnaijua na wasiokuwepo pole yao. Pome nane zilikuwa zimekaa zimenywea, ngozi imekunjamana, mkanda wa kiunoni umefunguka, na samli na asali zimechuruzika zikawa mchuzi wa kahawia unaonata sahanini. Kijiko kiliingia bila kusukumwa.

Mama Kyomugisha akapuliza, akala. Akamaliza ya kwanza, akakwangua sahani, akainyoosha kuomba ya pili. Akaila yote vilevile. Halafu akafuta mdomo kwa upande wa gomesi yake, lile gauni refu la kwao.

"Ssebo," akasema, "Jumatatu gari yangu napita hapa asubuhi. Unapanda."

"Asante, Madamu. Nitakuja na saa yangu."

Akautazama mkono mtupu wa Baba. "Saa iko wapi?"

Baba akaninyooshea kidole. Yule mama akacheka kwa mara ya kwanza, tumbo lote likacheka. "Kale. Lete na saa."

Pome sita zilizobaki Baba alizikata vipande kama ukucha wa kidole gumba, kila mtu akapata. Hakubagua. Mzee Byamungu alikilaza chake kwenye ulimi, akakaa nacho, akameza, akalamba vidole vyote vitano. Akamsogelea Baba, mimi nikiwa pembeni yake.

"Baba Neema, zile lori tatu za Uvira," akasema. "Ilikuwa moja. Na ilikuwa ya shemeji yangu."

"Nilijua," Baba akasema. "Kula ingine."

Jumatatu tulipanda juu ya magunia. Baba alipika katika nyumba ile mpaka kifua kilipomkataa, na mimi kando yake, kwanza kama saa, baadaye kama mkono wa kulia, mwisho kama mpishi mwenyewe. Shule iliishia pale. Sijutii, ila wanangu nimewasomesha wote, asije mtu akasema Neema alichukia daftari. Mwaka ambao nilifungua jiko langu mwenyewe, Baba alikuwa ameshalala mwaka mzima kaburini. Ningependa angeuona ule mlango. Ulikuwa wa chuma, nilioulipia mimi.

Leo pome zimejaa Mbarara, zimepangwa barabarani na vikaratasi vimebandikwa mashavuni. Mtoto anang'ata nusu anatupa nusu. Binti yangu wa mwisho anaoka vizuri, sikatai, na mdalasini anao, na zabibu kavu za kweli, na oveni yenye namba. Anaweka simu mezani, anakaa kutazama simu nyingine. Simu inalia, anafungua, zimeiva. Nyumba nzima kimya. Nikamuuliza siku moja anaziimbia nini, akasema, "Mama, zinaiva zenyewe." Na kweli zinaiva zenyewe.

Nakula, nasifu, maana ni tamu. Lakini huwa natazama pembeni yake na sioni mtu aliyekuja kumcheka akabaki kuimba. Anakula na wawili watatu, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, miguu mitupu, na kambi nzima ilivuta pumzi niliposema ivute. Wazee wangu, wenzangu wa shitingi, tulikuwa maskini wa kila kitu siku ile isipokuwa mapafu. Na pome zile ziliiva, zote nane.